KIPINI: KIJIJI KILICHO BAINA YA MAJI MATAMU NA MAJI YA CHUMVI

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili aghalabu hukutana na jina la Ozi kabla ya kuliona kwenye ramani. Hulikuta katika habari za Fumo Liyongo, likatajwa pamoja na Shaka na Pate, kisha somo likaendelea kana kwamba Ozi ni nchi ya ngano isiyo na udongo wala watu. Hali si hiyo. Ozi ni mto, na ni kijiji kilicho kando ya mto huo. Mahali unapoingia baharini pana kijiji kingine, Kipini, ambacho watu wake huvua, hulima, huoa na kuzika wafu wao hadi leo.

Makala haya yanadhamiria kueleza jiografia, historia na wakazi wa Kipini pamoja na vitongoji vya jirani katika delta ya Mto Tana. Hoja kuu inayotetewa ni kwamba maisha ya Kipini yamesimama juu ya mizani ya maji mawili: maji matamu yanayoteremka na mto, na maji ya chumvi yanayopanda na bahari. Mizani hiyo imeguswa na mikono ya binadamu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika karne ya 19, mfereji ulipochimbwa na mto ukaletwa mlangoni pa Kipini. Mara ya pili ilikuwa katika karne ya 20, mabwawa yalipojengwa mbali huko juu na mto ukapungukiwa na nguvu. Asiyeielewa mizani hii hataielewa historia ya kijiji hiki, wala hatatambua ni kwa nini mashamba yaliyolisha vizazi vingi yameanza kuota chumvi.

Mahali Kilipo na Umbile la Nchi

Kipini kiko katika Kaunti ya Tana River, kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya, mahali ambapo Mto Tana unaingia katika Ghuba ya Ungwana. Msafiri atokaye Malindi hufuata barabara kuu ya Lamu, akapita Garsen na kuuvuka mto, kisha akafika Witu. Hapo huiacha barabara kuu na kushika njia ielekeayo baharini, mwendo wa kilomita 20 hivi. Upande mmoja wa kijiji ni Bahari ya Hindi, na upande mwingine ni mto mpana wenye maji ya rangi ya udongo mwekundu. Rangi hiyo yenyewe ni ushahidi, kwani udongo huo si wa pwani. Umetoka kwenye miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukasafiri na mto wenye urefu wa takribani kilomita 1,000, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya.

Baada ya kuteremka kutoka nyanda za juu, Tana hupita katika nchi kavu kwa mamia ya kilomita. Hakuna mto mwingine wa kudumu unaouongezea maji huko chini. Kwa hiyo mvua inayomnufaisha mkulima wa Kipini si ile tu inayonyesha juu ya paa lake, bali pia ile inayonyesha kwa watu ambao huenda hatawaona maishani. Mto hufurika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya zile za vuli. Mafuriko hayo ndiyo yaliyoumba delta: mabwawa ya asili, vinamasi, nyasi za malisho, misitu ya kandokando ya mto, na mikoko kwenye midomo ya maji. Mnamo mwaka 2012 delta hii iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa na eneo la hekta 163,600. Viboko, mamba na ndege wa maji wa aina nyingi hupatikana humo, na minazi na miembe imeshika kingo za mto pamoja na mikoma, ile michikichi yenye matawi ambayo itatajwa tena hapa chini.

Jambo la kustaajabisha zaidi katika jiografia ya Kipini na Ozi, hata hivyo, ni kilimo cha mpunga. Mkulima wa delta hii hakuhitaji pampu wala mtambo. Alihitaji mwezi tu. Bahari inapojaa, hasa wakati wa bamvua, maji ya chumvi husukuma mdomo wa mto na kuyazuia maji matamu yasitoke. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu, yakainuka pamoja na bahari na kufurika polepole hadi mashambani kupitia vijifereji vilivyochimbwa kwa jembe. Bahari inapokupwa, maji hurudi mtoni na kuacha shamba limelowa. Hivyo bahari, ambayo ni adui wa mpunga, hugeuzwa ikawa mtumishi wake. Elimu hii haikuandikwa popote na wenyewe. Ilirithishwa na wazee kwa vijana, pamoja na kuhesabu siku za mwezi na kuonja maji kwa ulimi kabla ya kuyafungulia shamba.

Ni wazi kwamba utaratibu huu unashikilia sharti moja, nalo ni mto uwe na maji ya kutosha. Mto ukidhoofika, bahari ile ile inayoinua maji matamu hupanda yenyewe. Sharti hilo lihifadhiwe akilini, kwani kila sehemu inayofuata ya makala haya inalirejelea.

Historia: Kutoka Ungwana hadi Liyongo

Si sahihi kudhani kwamba mlango wa Ozi ulianza kukaliwa na watu walipofika Wazungu. Karibu na Kipini, ufukweni, kuna magofu ya miji ya kale ya Waswahili: Ungwana, Mwana na Shaka. Ungwana ndio mkubwa zaidi. Una mabaki ya msikiti mkubwa wa Ijumaa, makaburi ya mawe na ukuta. James Kirkman aliuchimbua katika miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1966. Baadaye mwanaakiolojia Mkenya George Abungu alichunguza jinsi miji hiyo ya pwani ilivyohusiana na jamii zilizoishi juu zaidi kando ya Tana. Utafiti huo ulikuwa na maana kubwa, kwani uligeuza macho ya wasomi. Kwa muda mrefu miji ya Waswahili ilitazamwa kama iliyoipa bara mgongo na kuelekea Arabuni na Uajemi pekee. Katika delta ya Tana mtafiti huona mji na mto vikitegemeana: bara likitoa nafaka, pembe na mbao, na bahari ikirudisha nguo, shanga na vyombo.

Mwanzoni mwa karne ya 16, katika msafara wa Tristão da Cunha, Wareno waliushambulia na kuuteketeza mji ambao wao waliuita Hoja. Kirkman na wataalamu wengine wameuhusisha mji huo na Ungwana, yaani nchi ya Ozi. Ungwana uliendelea kukaliwa baada ya hapo, hadi ulipohamwa katika karne ya 17.

Katika nchi hiyo hiyo ndimo masimulizi yanamomweka Fumo Liyongo, shujaa, mshairi na fundi wa upinde. Edward Steere alichapisha hadithi yake mwaka 1870 katika mkusanyiko wa ngano za Waswahili, na humo inaelezwa kwamba kaburi lake liko Ozi. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliitunga habari hiyo kwa utenzi unaosomwa hadi leo katika shule na vyuo. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu karne aliyoishi Liyongo. Hata hivyo, anayeusoma utenzi huo akiwa na ramani ya Ozi mkononi huona mambo ambayo msomaji mwingine huyapita tu.

La kwanza ni watu. Katika utenzi, mtawala wa Pate anapotaka kumwangamiza Liyongo huwatumia Wasanye na Wadahalo, wakaazi wa msituni. Hawa si watu wa kubuni. Wadahalo wangali wanaishi katika maeneo ya Lamu na delta ya Tana, na lugha yao ni ya pekee, kwani ni ya Kikushi lakini ina sauti za kidoko zinazofanana na zile za lugha za kusini mwa Afrika. Wazungumzaji wake sasa ni wachache mno.

La pili ni mti. Mtego wanaomtegea Liyongo ni wa kula makoma kwa zamu: kila mmoja apande mkoma awaangushie wenzake, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anazipiga kwa mshale zikaanguka. Mtu asiyewahi kuuona mkoma, urefu wake na jinsi matunda yalivyoning'inia juu kwenye vichala, hatauelewa uzito wa hila hiyo wala ustadi wa jibu lake.

La tatu, ambalo ndilo linalohusu zaidi makala haya, ni maji. Liyongo anapochomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, hafi kitandani. Anashika upinde wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuutega mshale, akafia papo hapo. Watu wakimwona wanadhani yu hai, nao hawathubutu kusogea kuteka maji. Mji unakaa na kiu hadi mama yake anapokuja kumbembeleza na hatimaye mwili unaanguka. Wahakiki wengi wamelieleza tukio hilo kama ukomo wa ushujaa. Kwa mtazamo wa mtu wa Ozi lina maana ya ziada: adhabu kubwa kuliko zote unayoweza kuupa mji ni kuusimamia kisimani.

Mfereji Ulioleta Mto

Kwa karne nyingi Ozi na Tana vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Ozi ulikuwa mto mfupi wa pwani uliotoka kwenye vinamasi na kumwaga maji yake Kipini. Tana nao uliingia baharini mbali kidogo, upande wa kusini-magharibi wa ghuba. Mji wa Kau, juu kidogo ya Kipini, ulikuwa soko la mpunga na nafaka, lakini mtumbwi uliotoka Tana haukuweza kufika huko bila mizigo kushushwa na kubebwa nchi kavu.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 hali hiyo ilibadilika. Ukoo wa Nabahani, uliokuwa umetawala Pate kwa muda mrefu, ulishindwa na nguvu za Sultani wa Zanzibar, na Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, akahamia bara hadi Witu. Msitu wa Witu ukawa kimbilio. Walikwenda humo waliomkimbia Sultani wa Zanzibar, na walikwenda pia watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, ambao waliitwa watoro. Watawala wa Witu walihitaji njia ya kupitishia nafaka, na ndipo mfereji wa Belazoni ulipochimbwa kwa mikono kuunganisha Tana na Ozi.

Mfereji ulikusudiwa mitumbwi, lakini maji hayasomi makusudio ya wachimbaji. Kila mto ulipofurika, mfereji ulizidi kupanuka, hata Tana ukauacha mlango wake wa zamani na kuelekea Kipini. Hivyo mlango mkuu wa mto mrefu kuliko yote ya Kenya umewekwa mahali ulipo leo kwa kazi ya jembe. Waliokuwa wakiishi kwenye mlango wa kale walipoteza maji, na waliokuwa Ozi wakayapata. Neema ya kijiji kimoja ilikuwa ukame wa kijiji kingine, na jambo hilo halipaswi kusahauliwa na mtu wa Ozi wa leo anapolalamikia, kwa haki kabisa, yanayofanywa na watu wa juu.

Kijiji Katika Mikataba ya Mataifa

Udogo wa Kipini haukukizuia kuandikwa katika mikataba ya mataifa makubwa. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar kwenye pwani ya bara itakuwa ukanda wenye upana wa maili 10, ulioanzia kusini karibu na Mto Ruvuma na kuishia kaskazini Kipini. Kaskazini ya hapo Sultani aliachiwa visiwa na miji michache tu. Kwa maneno mengine, mstari wa utawala ulipita mlangoni pa mto huu.

Nyuma ya mstari huo kulikuwa na Witu. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya mapatano na Sultani Ahmed mwaka 1885, na Ujerumani ikatangaza ulinzi wake. Ulidumu miaka mitano. Tarehe 1 Julai 1890, kwa mkataba ambao Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland, Witu ilikabidhiwa Waingereza bila wenyeji kuulizwa. Mwezi Septemba mwaka huo Mjerumani aitwaye Küntzel na wenzake waliuawa Witu, na mwezi Oktoba majeshi ya Uingereza yaliuteketeza mji huo. Fumo Bakari, mtawala wa wakati huo, alikimbilia msituni.

Chini ya ukoloni wa Waingereza, Kipini kilipata hadhi ya makao ya afisa wa wilaya ya Mto Tana. Baadaye makao hayo yalihamishiwa Hola, juu zaidi ya mto, na Kipini kikabaki na majengo ya zamani na kumbukumbu. Mwezi Oktoba 1963 ukanda wa maili 10 ulikubaliwa kuunganishwa na Kenya, kwa barua walizobadilishana Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte wa Zanzibar, na tarehe 12 Desemba mwaka huo Kenya ikapata uhuru. Mpaka wa Kipini ukafutika.

Wakazi na Lugha Zao

Kwa mujibu wa sensa, Kaunti ya Tana River ilikuwa na watu 240,075 mwaka 2009, na 315,943 mwaka 2019. Hii ni nchi pana yenye watu wachache: pungufu ya watu 10 kwa kila kilomita moja mraba. Tarakimu hizo, hata hivyo, zinaweza kumpotosha msomaji. Watu hawakutawanyika sawasawa, bali wamejipanga kando ya mto kama shanga kwenye uzi. Mbali na mto nchi ni tupu, na karibu na mto kila shubiri ina mwenyewe.

Wapokomo ndio wakulima wa kale wa kingo za Tana. Hulima mpunga, ndizi, mahindi na miembe, na huvua samaki kwa mitumbwi. Wapokomo wa Ozi na Kipini wengi ni Waislamu, ilhali juu kidogo, Ngao na Golbanti, Ukristo ulitia mizizi tangu wamisionari wa karne ya 19. Baraza lao la wazee huitwa gasa. Waorma ni wafugaji wa ng'ombe. Wakati wa mvua huzagaa barani na mifugo yao, na wakati wa kiangazi huteremka kwenye malisho ya delta, wakipitia njia za kuingilia mtoni ziitwazo malka. Pamoja nao kuna Waswahili wa lahaja za kaskazini, wakiwemo Wabajuni na watu wa asili ya Lamu, ambao ni mabaharia na wavuvi, kisha Wasanye, Wagiriama, Wasomali na wengineo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, Kipini ni darasa lisilo na ukuta. Nurse na Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993, wanakiweka Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki pamoja na Kipokomo, lugha za Mijikenda, Kiilwana na Kikomoro. Maana yake ni kwamba Kipokomo si lugha iliyokopa kutoka kwa Kiswahili tu. Ni ndugu yake wa tumbo moja, na delta ya Tana ni mojawapo ya mahali ambapo ndugu hao wameendelea kuishi nyumba jirani. Kiorma nacho ni cha jamii ya Kikushi, na baina ya lugha hizi mbili za asili tofauti Kiswahili ndicho kinachotumika sokoni na bandarini. Ikumbukwe pia kwamba mahadhi ya wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, yalitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Kila Mkenya anaposimama wima kuuimba, anaimba sauti iliyotoka kando ya mto huu.

Mizani Inapoyumba

Kuanzia mwaka 1968 mabwawa ya umeme yalijengwa katika sehemu ya juu ya Tana: Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu na Gitaru katika miaka ya 1970, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Hakuna anayeweza kukana faida zake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kenya ilitoka huko. Miradi ya umwagiliaji ya Hola na Bura nayo ilichota maji yake mtoni. Lakini bwawa linalohifadhi maji hupunguza mafuriko ya kawaida na huzuia udongo wa rutuba usiteremke. Mafuriko makubwa hayazuiliki, kama yalivyodhihirisha yale ya El Niño ya 1997 na 1998, ambayo pia yaliharibu mradi wa mpunga wa serikali katika delta. Hivyo mkulima wa chini hupata maji mengi mno mwaka mmoja, na machache mno miaka inayofuata.

Ukame wa mara kwa mara na mabadiliko ya mikondo ndani ya delta vimeongeza tatizo. Matokeo yake ni yale ambayo sharti la mizani lilitabiri. Maji ya chumvi yamepanda mtoni hadi maeneo ambayo wazee waliyajua kuwa ya maji matamu. Mashamba ya mpunga ya Ozi yameharibika, na miembe iliyokuwa fahari ya kijiji imekauka ikiwa imesimama. Visima navyo vimeingiwa na chumvi. Mkulima aliyezoea kuonja maji kabla ya kulifungulia shamba sasa huonja na kulifunga.

Baharini nako hapakosi mvutano. Ghuba ya Ungwana ina kamba wengi kwa sababu ya udongo na rutuba inayoletwa na mto. Wavuvi wadogo wenye ngalawa na jarife walilalamika kwa miaka mingi kwamba meli za kukokota nyavu zinakata nyavu zao na kumaliza samaki wachanga. Mwaka 2006 uvuvi huo wa meli ulisimamishwa, na uliporuhusiwa tena baadaye ulikuwa chini ya masharti mapya. Ardhi nayo imegombewa: mpango mkubwa wa kulima miwa katika delta ulifikishwa mahakamani mwaka 2008.

Maji yanapopungua, majirani hubanana. Malka zinapozibwa na mashamba, ng'ombe hupita shambani, na shamba linapoliwa, silaha hutolewa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma. Riketa ulishambuliwa tarehe 22 Agosti 2012, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba zamu ilikuwa ya Kilelengwani, karibu na Kipini, ambako askari polisi pia waliuawa. Siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia zilitajwa sana, na silaha vilevile. Hata hivyo, ni kosa kuueleza ugomvi huo kama chuki ya asili baina ya makabila mawili. Watu hao hao kwa vizazi vingi walibadilishana mpunga na maziwa, na gasa na wazee wa Kiorma walikuwa na taratibu za kugawana mto. Wahenga walisema kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, nazo nyasi za delta zimeumia vya kutosha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kipini, ingawa ni kijiji kidogo, ni mahali pa kusomea mambo makubwa: jinsi mji wa pwani ulivyotegemea bara, jinsi jembe la mfereji lilivyohamisha mto, jinsi mstari wa mkataba ulivyopita uani kwa watu wasioulizwa, na jinsi uamuzi unaofanywa mamia ya kilomita juu ya mto unavyofika kwenye sahani ya wali mlangoni mwake. Imebainika pia kwamba fasihi ya Kiswahili haielei hewani. Shaka, Ozi, Wadahalo, mkoma na kisima ni vitu vya nchi yenye watu, na watu hao wamo hatarini kupoteza kile kilichoifanya nchi yao ikalike.

Suala la Tana halitatatuliwa kwa kuyabomoa mabwawa, wala kwa kuwaambia watu wa Ozi wahame. Linahitaji maji yafunguliwe kwa majira yanayofuata mafuriko ya asili, malka zilindwe kisheria, na wakulima na wafugaji wa mlangoni wawe na kauli katika mipango ya mto mzima. Katika utenzi, mji ulikaa na kiu kwa sababu mfu alikuwa amesimama kisimani na hakuna aliyethubutu kumkaribia na kusema naye ila mama yake. Ozi wa leo nao unasubiri wa kwenda kisimani.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza jinsi kujaa na kupwa kwa bahari kulivyotumiwa katika kilimo cha mpunga cha delta ya Tana, na kwa nini utaratibu huo unategemea nguvu za mto.

2. "Mfereji wa Belazoni ulikuwa neema na hasara kwa wakati mmoja." Jadili.

3. Chagua matukio mawili katika utenzi wa Fumo Liyongo na uonyeshe jinsi ujuzi wa mazingira ya Ozi unavyobadilisha ufasiri wake.

4. Je, ni haki kuyaita mapigano ya 2012 na 2013 katika delta ya Tana kuwa ya kikabila? Toa hoja zako.